Bustani, Hori na Majina Yaliyobaki

Katika mji wa Bariadi, makao makuu ya mkoa wa Simiyu ulioundwa mwaka 2012, mtu akitaja bustani, msikilizaji aghalabu huwaza mchicha na nyanya kando ya maji. Wasukuma wanalo neno ngitili, yaani eneo la malisho linalohifadhiwa kwa ajili ya kiangazi. Lakini hilo ni la ng'ombe, si la watu kupunga upepo. Je, mji huo utakapotenga mahali pa mapumziko, paitweje? Twaona inafaa kwanza kutazama Unguja.

Mashariki mwa Mji Mkongwe palikuwa na hori ya bahari iliyoutenga mji na mitaa ya upande wa pili, ndiyo maana ikaitwa Ng'ambo. Katika karne ya 20 hori ilifukiwa hatua kwa hatua, na sehemu ya ardhi hiyo ikawa viwanja na bustani upande wa Mnazi Mmoja. Hata leo mnunuzi wa samaki huenda Darajani asikute daraja, na mkazi wa Ng'ambo hana maji ya kuvuka.

Mkabala wa Ngome Kongwe mambo yalikuwa vivyo hivyo. Mwaka 1936, Sultani Khalifa bin Harub alipoadhimisha miaka 25 ya utawala wake, ufuko huo ulifanywa bustani ya watu wote, ikapewa jina la Jubilii. Jina hilo likabaki katika karatasi. Wenyeji walisema Forodhani, ijapokuwa shughuli za forodha zilikwisha kuhama, na bustani ilipofunguliwa upya mwaka 2009 baada ya matengenezo makubwa, ilikuwa ni Forodhani tu.

Neno bustani lenyewe limetufikia kwa njia ya Kiarabu kutoka Kiajemi, ambako asili yake ni mahali penye harufu nzuri. Kwa hiyo hatuoni sababu ya kulikimbilia neno paki, ambalo mijini limekwisha kushikwa na madereva. Bustani ya mapumziko yatosha, na mchicha hautachukia.

Ama jina la mahali, hilo ni shauri jingine. Tungependa maofisa wa Bariadi, kabla ya kuandika kibao, wawaulize wanaopita hapo kila siku wanapaitaje.