Furushi Lililotupwa Mtoni

Wajapani wana kitambaa cha mraba wanachokiita furoshiki. Ukimwona mama wa Kijapani amefunga ndani yake zawadi au chakula cha mchana, kakutanisha ncha nne na kupiga fundo juu, utaapa kwamba neno hilo ni nduguye furushi letu. Si ndugu. Furo ni kuoga, shiki ni kutandika: ni kitambaa kilichotandikwa chini bafuni, mtu akavaa amesimama juu yake, kisha akafungia humo nguo zake. Hata hivyo bahati hii ya maneno inanifaa. Ule mkoba wa dharura tunaohimizwa siku hizi tuuweke karibu na mlango, ukiifuata historia yake nyuma kabisa nchini Japani, unafika kwenye furushi.

Edo, mji uliobadilishwa jina na kuitwa Tokyo mwaka 1868, ulikuwa mji wa mbao na karatasi. Watu wa kawaida waliishi katika nyumba ndefu zilizokatwakatwa vyumba, kila familia na chumba chake kimoja kisichozidi mita tatu kwa nne, ukuta mmoja wapangaji wawili. Jirani akiunguza chungu, mtaa mzima unakohoa. Kati ya 1601 na 1867 mji huo ulipatwa na moto mkubwa karibu mara 50, na hapo hatujahesabu mioto midogo.

Basi watu walilala tayari. Inasimuliwa kwamba walitandika furoshiki kubwa chini ya godoro. Kengele ya mnara wa moto ikilia usiku, mtu anaamka, anatupia juu ya godoro vile vichache alivyo navyo, anakusanya ncha nne, anapiga fundo, anatia mgongoni, huyo. Kitanda chenyewe kimegeuka mzigo. Na kweli vitu vilikuwa vichache, kwa sababu Edo ilikuwa na maduka ya kukodisha karibu kila kitu: matandiko, vyandarua, vyombo vya kupikia, hata ubinda wa mwanamume. Tumezoea kuwaita watu hao maskini. Mimi naona walikuwa wamepiga hesabu: kwa nini ununue kitakachoungua?

Wafanyabiashara nao walikuwa na ujanja wao. Mali yao kubwa haikuwa kabatini, ilikuwa katika daftari la wadeni. Daftari hilo liliandikwa kwenye karatasi ngumu ya Nishinouchi, ambayo wino wake haukimbii ukilowa. Moto ukikaribia, mwenye duka hahangaiki na shehena. Analitupa daftari kisimani na kukimbia mikono mitupu. Moto ukizimika, linaopolewa, linaanikwa juani, na wadeni wanaanza kutembelewa mmoja mmoja. Nyumba imeungua, deni halijaungua.

Waliokuwa na vitu vingi ndio walioleta balaa. Siku hizo lilikuwapo sanduku refu la mbao lenye magurudumu chini, ambalo mwenye mali angeweza kulisukuma barabarani likiwa na kila kitu chake. Mapema mwezi Machi 1657 moto ulianza Edo ukiwa na upepo mkali nyuma yake, ukateketeza zaidi ya nusu ya mji kwa siku tatu. Waliokufa hukadiriwa kufikia 100,000. Masanduku ya magurudumu yalitolewa kwa wingi, yakagongana njia panda, yakakwama kwenye vichochoro na milango ya mitaa, na watu nyuma yake wakakosa pa kupita. Mwaka 1683 serikali ikapiga marufuku kuyatengeneza Edo, Kyoto na Osaka. Sijui sheria nyingine ya zamani iliyohusu mzigo wa mkimbizi, na inastahili kukumbukwa kwa sababu ilisahauliwa.

Tarehe 1 Septemba 1923, saa sita kasoro dakika mbili mchana, majiko ya Tokyo yalikuwa yanawaka kwa chakula cha mchana. Ardhi ikatikisika kwa kipimo cha 7.9. Nyumba zikaangukia majiko, na kwa kuwa kimbunga kilikuwa kinapita mbali kidogo kaskazini, upepo ulikuwa tayari. Watu waliingia mitaani na mikokoteni ya magurudumu mawili imejaa magodoro, makabati, mikeka na masanduku ya nguo za hariri. Picha zipo. Ukizitazama leo unaona vizuri wanachokivuta: ni kuni.

Ng'ambo ya mto Sumida, eneo la Honjo, palikuwa na uwanja mtupu wa karibu hekta saba. Bohari ya nguo za jeshi iliyokuwa hapo ilikuwa imehamishwa, na jiji lilitaka kugeuza mahali hapo bustani. Hapo karibu hapakuwa na mahali pengine pa wazi kama hapo. Watu kama 40,000 walijaa humo pamoja na mali zao, wakaketi juu ya mafurushi, wengine wakala, wakashukuru. Saa kumi hivi alasiri cheche zilianza kudondoka juu ya magodoro, kisha kimbunga cha moto kikapita katikati yao. Walikufa watu 38,000 katika uwanja huo mmoja, zaidi ya theluthi moja ya wote waliokufa katika tetemeko lile, ambao ni kama 105,000.

Si mbali na hapo, kwenye mto huohuo, kulikuwa na daraja la chuma lililojengwa mwaka 1912, Shin-Ohashi. Madaraja kadhaa ya jirani yalishika moto, mengine yakiwa na sakafu ya mbao, na mizigo ya wanaokimbia ikauchochea. Juu ya Shin-Ohashi askari polisi pamoja na raia wachache waliwazuia watu na kuwalazimisha watupe walichobeba. Mafurushi yakaenda mtoni. Naweza kufikiria matusi waliyotukanwa: mtu amevuta mkokoteni wake tangu adhuhuri, nyumba imeshaungua, na hiki ndicho kilichobaki cha maisha yake yote. Lakini daraja halikuungua, na maelfu waliokimbilia juu yake walipona.

Ni rahisi kuwalaumu wale wa mikokoteni. Kabla ya kuwalaumu, soma bima zao. Mikataba ya bima ya moto ya wakati huo ilikuwa na kifungu kinachosema kwamba moto uliotokana na tetemeko haulipwi. Baada ya mabishano makubwa makampuni yalitoa kiasi fulani na kukiita pole, huku serikali ikiyakopesha fedha. Saa sita mchana ile mtu alijua, au alihisi, kwamba kitakachoungua kimekwenda. Mwenye duka wa Edo alitupa daftari kisimani kwa sababu alijua atalipwa. Huyu hakuwa na kisima.

Katika miaka ya Vita vya Pili vya Dunia mkoba ulipata umbo tunalolijua. Kila raia alitakiwa kuwa na mfuko wa kitambaa wa kuning'iniza begani, wenye bandeji na chakula kidogo kikavu, na kofia nene ya pamba inayofunika kichwa hadi mabegani. Kifuani palishonwa kitambaa chenye jina, anwani na kundi la damu. Ila kulikuwa na kasoro moja kubwa. Sheria ya ulinzi dhidi ya mashambulizi ya anga ya 1937, iliporekebishwa mwaka 1941, iliipa serikali uwezo wa kuwazuia watu wa mijini kuondoka na ikawalazimu wabaki kuzima moto. Mfuko ulikuwapo, ruhusa ya kukimbia haikuwapo. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi 1945 ndege za Marekani ziliimwagia Tokyo mabomu ya moto, wakafa watu wapatao 100,000. Zile kofia za pamba zilishika moto vichwani mwa waliozivaa.

Mwaka 1960 serikali ya Japani iliitangaza tarehe 1 Septemba kuwa Siku ya Kujikinga na Maafa. Kimbunga cha ghuba ya Ise kilikuwa kimeua zaidi ya watu 5,000 mwaka uliotangulia. Tangu hapo kila Septemba shule hufanya mazoezi, na maduka hupanga mbele mabegi ya rangi ya fedha yasiyoshika moto upesi. Ile kofia ya vita nayo haikufa: ilitengenezwa upya kwa kitambaa kisichowaka haraka, na katika shule nyingi mtoto huikalia kitini kama mto mpaka siku itakapohitajika.

Hebu tulifungue begi moja. Juu kuna tochi, redio ndogo na glavu nene za kazi. Kuna filimbi. Kuna nakala za vitambulisho, dawa, miwani ya akiba, na sarafu za yeni 10 kwa ajili ya simu za umma, maana mtandao wa simu za mkononi huzidiwa kwanza. Chini kabisa kuna kopo la biskuti ngumu ambazo asili yake ni chakula cha askari. Utakuta ndani ya kopo vipande vya sukari ngumu vimechanganywa na biskuti. Havikuwekwa kumfurahisha mtoto. Mtu mwenye hofu hukauka mate, na biskuti kavu haimezeki bila mate, sukari huyarudisha.

Tatizo ni maji. Hesabu ya kawaida ni lita tatu kwa mtu kwa siku. Familia ya watu wanne kwa siku tatu ni lita 36, yaani kilo 36, karibu ndoo mbili za lita 20. Mama yeyote aliyewahi kutwika ndoo moja kutoka bombani atakuambia kwamba mbili hazikimbii. Ndiyo maana Wajapani huweka akiba mbili: maji mengi yanabaki nyumbani, na begini inaingia chupa moja au mbili. Miongozo mingi hutaja ukomo wa kilo 15 kwa mwanamume na 10 kwa mwanamke. Mimi ningeshusha zaidi. Mwenye mtoto mgongoni ameshabeba kilo 10 kabla hajagusa begi.

Begi hilo zuri nalo lilipewa somo mwaka 1995. Tetemeko la Kobe lilipiga saa 11:46 alfajiri ya Januari 17, watu wakiwa wamelala, na likaua 6,434. Wengi walibanwa chini ya nyumba na makabati yao katika dakika za kwanza. Begi lililo stooni lina faida gani kwa mtu kama huyo? Waliotoka walikanyaga vioo pekupeku gizani. Tangu wakati ule ushauri umeongezewa kitu cha bei rahisi kuliko vyote: viatu, tochi na filimbi viwe karibu na mto wa kulalia.

Halafu ikaja tsunami ya Machi 11, 2011. Kwenye pwani ya kaskazini mashariki kuna neno la wenyeji, tendenko, kila mtu kivyake. Mwanahistoria Yamashita Fumio, aliyenusurika tsunami ya 1933 akiwa mtoto, ndiye aliyelieneza: ardhi ikitikisika, panda mlima, usimngoje mtu, usirudi kuchukua kitu. Mwaka 2011 alikuwa na umri wa miaka 87, kalazwa hospitalini mjini Rikuzentakata. Maji yaliingia wodini, akashikilia pazia, akapona. Mjini Kamaishi watoto wa shule karibu 3,000 walinusurika, wakubwa wakiwashika wadogo mkono. Waliokimbia hivyo kutoka shuleni hawakupita nyumbani kuchukua begi.

Ninapoandika haya nina picha nyingine kichwani, ya karibu zaidi. Jumamosi jioni ya Mei 22, 2021 volkano ya Nyiragongo ilipasuka juu ya Goma, na tarehe 27 watu wa mitaa 10 kati ya 18 ya mji huo waliamriwa kuondoka. Barabara ya Sake ilijaa watu wenye magodoro vichwani. Nilisikia mtu akiwacheka: volkano inakuja, wewe unabeba godoro! Anayecheka hajauliza godoro lile linakwenda wapi. Mjapani anaondoka na kilo kumi kwa sababu anajua ukumbi wa shule ya mtaa wake unafunguliwa, na ndani kuna blanketi, maji na orodha ya majina. Wa Goma alikuwa anakwenda kulala uwanjani, kanisani au kwa jamaa mwenye chumba kimoja. Kabla hatujamwambia apunguze mzigo, tumwambie kwanza atalala juu ya nini.

Kilichokosekana Goma ni kitu kisicho na uzito. Katika vurumai ya usiku ule wa kwanza watoto zaidi ya 150 walipotezana na familia zao, wengine wadogo wasioweza kutaja jina la baba. Kipande cha kitambaa chenye jina na namba ya simu, kilichoshonwa ndani ya nguo, kinaingia kwenye mkoba wowote, hata wa mtu asiye na mkoba.

Uwanja wa Honjo leo ni bustani yenye jumba la kumbukumbu lililokamilika mwaka 1930, na majivu ya waliokufa 1923 yamewekwa humo pamoja na ya waliokufa 1945. Shin-Ohashi liliendelea kuvukwa hadi lilipojengwa jipya mwaka 1977. Sehemu ya daraja la zamani ilihamishiwa Meiji-mura, makumbusho ya wazi mjini Inuyama, na kando ya daraja jipya limesimama jiwe la mwaka 1933 la kuwakumbuka waliookoka. Watu wa Tokyo walilipa daraja lile jina la pili: Daraja Liokoalo Watu.