SHIMO, KISIMA NA MTARO



Kamati ilipotuomba sisi waalimu tuandike sehemu ya historia katika toleo hili la kumbukumbu, wengi walitegemea habari za vita na safari. Hizo watazieleza wazee walioziona. Sisi tumechagua habari za maji machafu, kwa sababu msimu wa mvua uliopita madawati yetu yalikuwa matupu kwa ajili ya ugonjwa wa kuhara, na tuliona kwa macho yetu ulikotoka.

Tuanze mbali kidogo. Tarehe 31 Agosti 1854 kipindupindu kililipuka katika mtaa wa Broad Street, jijini London. Kwa majuma machache watu zaidi ya 600 walikufa. Wakati ule wataalamu wengi waliamini kwamba ugonjwa huo huletwa na hewa yenye harufu mbaya. Daktari John Snow hakukubali. Alipita akiwauliza wafiwa marehemu wao walikuwa wakiteka maji wapi, akakuta karibu wote walitumia pampu moja. Tarehe 8 Septemba mpini wa pampu ile ukang'olewa. Chanzo chenyewe kilikuja kujulikana mwaka 1855, palipochimbuliwa: shimo la maji machafu la nyumba namba 40 halikufika hata mita 1 kutoka kisimani, na matofali yake yalikuwa yameoza. Mama mmoja wa nyumba hiyo alifua nepi za mtoto wake mgonjwa, akamwaga maji humo. Tunaomba msomaji asimlaumu. Alimwaga mahali palipotengwa kwa kumwagia. Kosa lilikuwa la waliochimba.

Kisa chenyewe kinatendekaje? Ardhi ni kama chujio. Maji ya choo yakishuka polepole katika udongo mzuri, vijidudu hukwama na kufa njiani. Ndiyo maana wataalamu huagiza choo kiwe mita 30 au zaidi kutoka kisimani, na kitako cha shimo kiwe angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini. Lakini mwamba wenye nyufa hauchuji kitu; maji hupita humo kama katika bomba. Tena maji ya ardhini hayakai mahali pamoja, hupanda wakati wa mvua. Shimo lililo kavu mwezi wa Agosti laweza kuwa limezama mwezi wa Aprili. Fundi anayepima wakati wa kiangazi tu amepima nusu.

Wenzetu waliotoka Kivu hawahitaji kuelezwa habari za mawe. Mwezi wa Julai 1994, watu kati ya 500,000 na 800,000 walivuka kutoka Rwanda wakaingia Goma kwa siku chache. Chini pale ni mawe meusi ya volkano. Vyoo havikuchimbika, na hata makaburi hayakuchimbika. Watu walijisaidia juu ya mawe na kuteka maji katika Ziwa Kivu. Kambi ya Kibumba haikuwa na chanzo cha maji, ikabidi yaletwe kwa malori. Katika mwezi wa kwanza walikufa karibu watu 50,000, wengi wao kwa kipindupindu na magonjwa mengine ya kuhara. Baada ya maafa yale mashirika yalikaa pamoja, na mwaka 1997 ukaanza mradi wa viwango vya Sphere, ambavyo ndani yake zimo zile mita 30. Kwa hiyo vipimo tunavyosomewa mikutanoni, huku wengine wakisinzia, vina makaburi nyuma yake.

Turudi London kwa jambo la pili, nalo ni mvua. Mwaka 1858 uvundo wa mto Thames uliwashinda hata wabunge, na mhandisi Joseph Bazalgette akapewa kazi ya kujenga mifereji mikubwa chini ya jiji. Ilikuwa kazi ya kusifiwa, lakini mifereji ile ilichukua maji ya vyoo na maji ya mvua pamoja. Mvua ilipozidi, yote yalimwagika mtoni. Kurekebisha jambo hilo kulihitaji handaki la kilomita 25, ambalo liliunganishwa kikamilifu mwaka 2025.

Sisi hatuna handaki. Tunachoweza ni kutochanganya tangu mwanzo. Udongo wa kambi yetu huchimbika, hiyo ni bahati. Shida yetu ni mteremko. Mtaro wa kukinga huchimbwa upande wa juu wa vyoo, ukakata maji ya mvua na kuyazungusha hadi bondeni kabla hayajaingia mashimoni. Kwenye mabomba, sakafu ya saruji hupokea maji yanayomwagika, na shimo lililojazwa mawe huyanyonya.

Msimu uliopita mtaro wa juu ya kijiji kimoja ulikuwa umefukiwa, pakalimwa matuta ya lengalenga. Hatusemi wenye matuta ni wabaya. Viwanja ni vidogo na posho imepunguzwa. Ila maji yalipokosa njia yaliingia vyooni, mashimo yakafurika, na uchafu ukapita pale mabombani ambapo watoto hupanga ndoo alfajiri.

Kwa ndugu zetu wa mashirika tunasema kwa heshima: taarifa za mwezi huhesabu vyoo, hazihesabu mitaro. Choo kilichochimbwa mtelemkoni bila kinga huandikwa kuwa kimekamilika. Tungeomba fomu hiyo iongezwe mstari mmoja.

Mtaro ule umefukuliwa tena kuanzia shuleni hadi kwenye mwembe. Wenye matuta wamekubali kuhamia ukingo wa chini, ambako unyevu hauwatupi. Kutoka kwenye mwembe hadi bondeni bado, na sururu zilizopo ni mbili tu.