Shamba Kabla ya Turubai

Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipata, katika makazi ya Katumba, Ulyankulu na baadaye Mishamo nchini Tanzania, kitu kisichotolewa na turubai: ardhi. Serikali, UNHCR na shirika la Kikristo la TCRS walipima mashamba, wakajenga zahanati. Kwangu mimi, shamba nalo lilikuwa tiba, maana anayevuna hangojei mgao wa chakula. Atakayepinga atataja kambi ya wakimbizi ya Benaco, Ngara, mwaka 1994: Wanyarwanda wapatao robo milioni walivuka mpaka wa Rusumo kwa takriban siku moja, hapo nani angepima mashamba? Hoja nzito, lakini inahusu wiki za mwanzo tu. Nzito zaidi ni kwamba wakazi wa Katumba hawakutoka bila kibali. Walilishwa uhuru nusu, hadi uraia wa Tanzania ulipowafikia watu zaidi ya 160,000 wa makazi hayo matatu.