Jicho la Uhuru na Kioo cha Kompyuta

Kuwa na chombo ni jambo moja, na kukitumia kwa nguvu zake zote ni jambo jingine. Kijana aweza kujinyima mwaka mzima ili anunue kioo cha kompyuta kiwezacho kubadili picha mara 144 kwa sekunde. Kisha akacheza michezo yake kwa kasi ya 60 tu, asitambue. Ili tuipime hasara yake, natuanzie Ngomeni, kaskazini ya Malindi, mahali palipohusika na mojawapo ya habari kubwa za elimu ya nyota.

Katika miaka ya 1960 Waitalia, wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio, walisimamisha majukwaa ya chuma baharini, mbele ya Ngomeni, ili warushe roketi. Pwani hiyo iko karibu na Ikweta, ambako mzunguko wa dunia huisaidia roketi kupanda. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka huko, ikaitwa Uhuru kwa heshima ya nchi. Kazi yake ilikuwa kupima eksirei zitokazo mbinguni.

Yafaa uangalie jinsi ilivyopima. Ilihesabu eksirei kwa vipindi vifupi kuliko sehemu ya tano ya sekunde. Kwa hiyo, mwaka 1971, wataalamu waligundua kwamba Centaurus X-3 hupwita kama moyo, mara moja kila sekunde 4.8 hivi. Lau hesabu ingalifanywa mara moja kila nusu dakika, mapigo hayo yangalichanganyika yakaonekana kama mng'ao mmoja uliotulia. Nyota ingalikuwa ile ile, lakini siri yake ingalipotea.

Kioo cha kompyuta nacho kina kanuni kama hiyo. Mwendo tuuonao humo ni picha zilizotulia, zinazofuatana upesi hata jicho likadanganyika. Kasi za zamani zilifuata umeme: televisheni ya Uingereza ilipoanza mwaka 1936 ililingana na umeme wa mapigo 50 kwa sekunde, na ya Marekani ikalingana na 60. Kompyuta nyingi ziliirithi hiyo 60. Kwa kasi hiyo kila picha hukaa kiooni milisekunde 17 hivi. Kwa 144 hukaa 7 tu. Basi mpira uliopigwa kwa nguvu huonekana katika hatua nyingi zaidi, na mchezaji hupata habari mapema zaidi.

Mbona basi kioo cha 144 hubaki kwenye 60? Fikiri watu wanaopokezana ndoo za maji kutoka kisimani: mmoja akiwa mzito, wote humngoja. Picha nayo hupita mikono mingi. Kwanza, fungua mipangilio ya kioo ndani ya kompyuta, uchague 144. Mara nyingi mashine huanza na 60 mpaka iamriwe. Pili, itazame kebo, kwani baadhi ya kebo za zamani haziwezi kubeba picha nyingi hivyo. Tatu, hakikisha kebo imechomekwa kwenye kadi ya picha yenyewe, wala si kwenye tundu jingine la kompyuta. Nne, ingia katika mipangilio ya mchezo, uondoe kikomo cha 60 ukikikuta. Mwisho, pima nguvu za kadi: ikiwa yachora picha 80 tu kwa sekunde, kioo hakiwezi kuonyesha zile ambazo hazikuchorwa. Hapo punguza vivuli na madoido ya mchezo, kazi iwe nyepesi.

Usiniamini kwa maneno matupu. Zungusha mshale wa kompyuta upesi kiooni, uangalie alama unazoacha nyuma yake. Badili kasi kutoka 60 hadi 144, uzungushe tena: alama zitaongezeka na kukaribiana. Ndivyo ilivyokuwa kwa setilaiti iliyoondoka Ngomeni: mapigo ya nyota yalikuwako siku zote, yakingoja chombo cha kuyahesabu upesi na mtu ajuaye kukitumia.