Mumiani wa Kumtishia Mtoto

Leo nataka tuzungumzie uongo ambao wazazi wengi tumeusema bila kujiona waongo. Magharibi imeingia, mtoto hataki kuacha mchezo. "Haya, kaa huko huko, mumiani akukute!" Mtoto mbio ndani, mama anarudi jikoni kwake. Nani ameumia?

Kwanza tumjue huyo mumiani. Zamani hakuwa mtu, alikuwa dawa. Neno limetoka Uajemi, likitaja namna ya lami iliyotumika kutibu mifupa iliyovunjika. Kutoka neno hilo hilo ikapatikana mumia, maiti iliyokaushwa ya Misri, ambayo Wazungu kwa karne kadhaa waliisaga na kuinywa kama dawa. (Wanaocheka ushirikina wetu, hapo huwa kimya.) Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inasema mumiani ni kitu cheusi kama gundi, huyeyushwa katika samli na kunywewa. Kisha inaongeza kuwa wenyeji wengi wanaamini ni damu ya binadamu iliyoganda.

Ikiwa dawa ni damu, lazima awepo wa kuikinga. Basi jina likamhamia mtu. Wakati wa ukoloni watu wa Nairobi na Kampala waliwanong'ona wazimamoto kwamba ndio wanyonya damu, na mwaka 1947 umati ulishambulia kituo cha zimamoto Mombasa. Wanahistoria, kama Luise White, wameona katika hadithi hizo uchungu wa kutawaliwa, nami sibishi. Ila naona wamemsahau yule mama wa jikoni. Waliorusha mawe walikuwa watu wazima, na mtu mzima hajifunzi hofu siku moja.

Mwaka 2016, mwezi wa Oktoba, watafiti wawili wa kilimo kutoka kituo cha Selian, Arusha, pamoja na dereva wao, walifika kijiji cha Iringa Mvumi, Dodoma, kuchukua sampuli za udongo. Ikapigwa kelele kwamba ni wanyonya damu. Waliuawa wote watatu na miili yao ikachomwa moto.

Najua nitaambiwa nakuza mambo, kwamba mtoto akikua huacha. Mengi huyaacha, kweli. Anaacha kuamini kuwa watoto wananunuliwa hospitali, na hamchukii muuguzi kwa hilo. Lakini mumiani anakuja na sura: mgeni, mwenye gari, mwenye vifaa asivyovielewa mtu. Ukimtishia mwanao kwa mumiani, umemwonyesha binadamu wa kumwogopa, na hakuna siku utakayomwita umwambie kwamba ulikuwa unatania.

Bibi yangu alitukataza kupiga mluzi usiku, akisema unaita nyoka. Ulikuwa uongo mtupu, naye alitaka tu kulala. Huo namwachia.