Kiboko na Darasa: Rangi ya Mtu katika Sheria na Elimu ya Tanganyika

Msafiri atokaye Lindi kwenda magharibi, akilifuata bonde la mto Lukuledi, huuona upande wake wa kulia uwanda wa juu wa Rondo, nchi ya Wamwera, iliyopata sifa kwa misitu yake ya mivule. Sheria za ukoloni hazikutungwa hapo. Zilitungwa Berlin, London na Dar es Salaam. Hata hivyo, sheria iliyopima utu kwa rangi ya ngozi ilifika Rondo kwa njia mbili: kwa mkono wa askari na kwa mlango wa shule. Askari alionyesha kile ambacho mtu angeweza kutendewa. Shule ilionyesha kile ambacho angeweza kunyimwa.

Si kweli kwamba kabla ya hapo watu wote walikuwa sawa. Kilwa ilikuwa soko kubwa la watumwa, na pwani ilimtenga muungwana na mtumwa. Historia isiyokiri jambo hilo haifai kufundishwa. Lakini jando la bara na chuo cha Kurani cha pwani havikumpokea mtoto kwa kuitazama ngozi yake. Kuigeuza rangi kuwa msingi wa sheria ilikuwa kazi ya serikali ya kikoloni.

Ushahidi ulio wazi kabisa ni amri ya Wajerumani ya mwaka 1896 juu ya adhabu. Amri hiyo iliruhusu Mwafrika achapwe hadi viboko 25 kwa mara moja, lakini ilikataza kabisa kuwachapa Waarabu na Wahindi. Mzungu hakuhusika nayo hata kidogo. Basi kosa likiwa moja, mgongo ndio uliotofautisha adhabu. Wazee wetu waliiita adhabu hiyo hamsa ishirini, na jina hilo likabaki katika lugha yetu kama kovu. Kodi ya kibanda ilipoanza mwaka 1898, na baadaye watu waliposhurutishwa kulima pamba, akida na askari ndio waliokuwa sura ya serikali vijijini. Vita vya Maji Maji vilipoanza katika nchi ya Wamatumbi mwezi Julai 1905, moto wake ulienea upesi katika nchi yote ya Lindi. Boma la Liwale likateketezwa, na misheni ya Nyangao nayo ikachomwa. Watu hao walipigania ardhi na jasho lao, lakini walipigania pia heshima ya miili yao.

Waingereza waliunda Jeshi la Polisi la Tanganyika mwaka 1919, makao yake ya kwanza yakiwa Lushoto. Umbo la jeshi hilo lilikuwa kama ngazi: Wazungu wakishika vyeo vya juu, Waasia wachache wakiwa kati, na Waafrika wakiwa chini. Askari wa kawaida alimtii afisa asiyejua lugha ya nyumbani kwake, kisha akatumwa kuwasaka ndugu zake wasiolipa kodi ya kichwa. Miji nayo iligawanywa vivyo hivyo. Majina ya Uzunguni, Uhindini na Uswahilini yalizaliwa na mpango huo.

Katika elimu palikuwa na mifumo mitatu: wa Wazungu, wa Waasia na wa Waafrika. Kila mmoja ulikuwa na shule zake, mitaala yake na fedha zake. Mfano mmoja unatosha. Mpango wa karanga ulioanza mwaka 1947 ulifyeka mapori ya Kongwa, Urambo na Nachingwea, si mbali na Rondo, kwa nguvu za vibarua wa Kiafrika. Mpango ulishindwa na ukaachwa mwaka 1951. Lakini shule ya Kongwa, iliyofunguliwa kwa ajili ya watoto wa Kizungu, haikufa pamoja nao; mwaka 1959 nafasi yake ilichukuliwa na shule mpya ya fahari huko Iringa. Wakati huo watoto wengi wa Kiafrika waliobahatika kuingia shule walikomea darasa la nne. Mwaka 1961 nchi nzima ilikuwa na wanafunzi 11,832 tu wa sekondari, na 176 kati yao ndio waliokuwa kidato cha sita.

Mwezi Oktoba 1961, Bungeni, baadhi ya wabunge walitaka uraia ufuate rangi. Mwalimu Nyerere alikataa katakata, akawa tayari kujiuzulu kuliko kukubali. Tangu Januari 1962 mifumo mitatu ya shule ikaunganishwa kuwa mmoja. Hata hivyo, mlango ulipofunguliwa, palibaki kizingiti: mtoto alipaswa kuijua lugha ya kufundishia ya shule aliyoiomba. Mtoto aliyejua Kimwera na Kiswahili angeingiaje shule iliyofundisha kwa Kiingereza au Kigujarati? Kilichokatazwa kwa jina la rangi kiliweza kuendelea kwa jina la lugha. Kwa hiyo hatua ya mwaka 1967, ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, haikuwa mapambo ya utamaduni. Ilikuwa haki. Na ile shule ya Iringa ikapewa jina la Mkwawa.

Polisi nao walibadilika. Mwaka 1964 Elangwa Shaidi akawa Mwafrika wa kwanza kuliongoza jeshi hilo. Lakini kubadili rangi ya afisa si sawa na kubadili desturi ya kazi. Sheria ya Adhabu za Chini ya mwaka 1963 iliamuru viboko 24 kwa baadhi ya makosa: 12 mfungwa akiingia gerezani na 12 akitoka. Safari hii rangi haikutazamwa, na hiyo ilikuwa tofauti kubwa. Lakini kiboko kilikuwa kile kile.

Hapa ndipo vijana wetu wanapopaswa kutafakari. Usawa wa rangi uliweza kuandikwa katika sheria kwa siku moja. Usawa wa kweli hudai kazi ya vizazi. Rondo ilikuwa mbali na shule nyingi siku ile ya Januari 1962, na sheria haikuufupisha mwendo wake. Shule za msingi zilizoenea vijijini baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 ndizo zilizoanza kuufupisha. Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Mwalimu anayemwita kila mtoto kwa jina lake, na askari anayemsikiliza mwanakijiji kabla ya kumkamata, ndio wanaoitimiza kazi iliyoanzwa mwaka 1961.