Waziri Mkuu na Bunge Lake: Uganda, 1966

Bunge haliuawi kwa kufuli peke yake. Laweza kuachwa milango wazi na viti vimejaa, nalo likawa limekwisha kufa. Haya twayaona katika historia ya jirani zetu wa Uganda.

Uganda ilipata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962. Chama cha UPC, kilichoongozwa na Milton Obote, hakikuweza kutawala peke yake. Basi kikashikana mkono na Kabaka Yekka, chama cha Buganda. Obote akawa Waziri Mkuu, na mwaka 1963 Kabaka Mutesa wa Pili akawa Rais. Lakini mapatano hayo yalikuwa ya haja, si ya nia moja. Mwaka 1964 yalivunjika, na kura ya wenyeji wa Buyaga na Bugangaizi ya kurudi Bunyoro ikazidisha uhasama.

Tarehe 4 Februari 1966, Waziri Mkuu akiwa safarini kaskazini, Bunge liliikubali hoja ya Daudi Ocheng: Kanali Idi Amin asimamishwe kazi, na fedha zake za benki zichunguzwe, kwa tuhuma za dhahabu ya Kongo. Hata wabunge wa chama tawala waliiunga mkono. Tarehe 22 mawaziri watano walikamatwa wakiwa kikaoni. Tarehe 24 Obote akaisimamisha Katiba. Hivyo Bunge lilitaka askari asimamishwe. Ikasimamishwa Katiba, askari akapandishwa cheo.

Obote alijitetea kuwa alizuia njama ya kumpindua, na ni kweli kwamba Kabaka alikuwa amewauliza wajumbe wa nchi za nje juu ya msaada wa kijeshi. Huenda hofu yake haikuwa ya bure. Lakini tarehe 15 Aprili wabunge waliletewa katiba mpya wasiyopata kuisoma. Waliambiwa kwamba nakala zao wangezikuta katika visanduku vyao vya barua. Ikapita siku ile ile bila mjadala, na Obote akawa Rais mwenye mamlaka yote. Siku hiyo Bunge halikufungwa, lilijinyamazisha.

Tarehe 24 Mei jeshi, chini ya Amin yule yule, lilishambulia kasri la Mengo. Kabaka alikimbia, akafia London mwaka 1969. Tarehe 25 Januari 1971 zamu ikamfikia Obote mwenyewe: Amin akampindua, na Bunge likavunjwa. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Obote alipata hifadhi kwetu Dar es Salaam, na damu ya vijana wetu ilimwagika kabla Kampala haijakombolewa tarehe 11 Aprili 1979.

Basi tuwafundishe vijana wetu kwamba Katiba ni ukuta wa nyumba. Abomoaye ili amtoe adui yake, hupisha mlango kwa adui asiyemjua. Na jirani naye hawezi kulala.